Utangulizi: Kukadiria Gharama za Ukarabati Mdogo wa Nyumba za Kupangisha

Chukua nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ya aina iliyojaa Magomeni, Ilala na Temeke jijini Dar es Salaam: vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido katikati, na uani kuna jiko, bafu na choo. Kila chumba kina mpangaji wake. Mmoja amehama mwisho wa mwezi, na kabla hajaingia mwingine mwenye nyumba anataka kupaka rangi, kubadilisha kitasa, kuziba dari iliyochafuliwa na maji ya mvua na kurekebisha koki ya uani. Anamwita fundi. Fundi anasimama mlangoni, anatazama juu, anatazama chini, anataja hela. Mwenye nyumba anaomba apunguziwe, fundi anashuka kidogo, wanapeana mikono. Katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyepima chochote.

Utangulizi huu nimewaandikia wote wawili, pamoja na mwanafunzi anayeanza kusoma ukadiriaji majenzi huku akili yake ikiwa kwenye maghorofa. Karibuni. Uwanja huu ni mpana kuliko unavyoonekana, na kuingia kwake hakuhitaji zaidi ya futi kamba, daftari, kalamu na subira ya kutazama ukuta kabla ya kuutajia bei. Nitakalolisisitiza ni hili: katika ukarabati mdogo, bei ndiyo hatua ya mwisho. Hutanguliwa na chanzo cha uharibifu, kisha kipimo cha kazi. Anayeanza na bei hukadiria kitu asichokijua.

Taaluma yenyewe ina nasaba ndefu. Ulaya, kwa muda mrefu, wapimaji walikuwa wakiitwa kazi ikishakwisha, wapime kilichojengwa ili fundi alipwe haki yake. Kupima kabla, kwa kusoma michoro na kuandika orodha ya kazi na kiasi chake, kulienea baadaye, pale wajenzi walipoanza kushindanishwa kwa bei. Chama cha wapimaji kilichoanzishwa London mwaka 1868 kiliipa kazi hiyo heshima ya taaluma, na mapokeo hayo yakafika Afrika Mashariki kupitia utawala wa Kiingereza. Tanzania leo ina Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2010. Ina Baraza la Taifa la Ujenzi lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ina Chuo Kikuu Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, ambako wakadiriaji wengi wa nchi hii wamesomea.

Lakini zana ambazo taaluma hii imerithi zimetengenezwa kwa ajili ya jengo jipya. Mkadiriaji hupewa michoro, hupima kwenye karatasi, huandika kiasi cha kila kazi, kisha huweka bei. Nyumba ya Magomeni haina mchoro. Ikiwa ulikuwapo, ulipotea zamani, na tangu hapo nyumba imeongezwa chumba, imezibwa dirisha, imebadilishwa bati upande mmoja. Kinachopaswa kupimwa kipo mbele ya macho, ila nusu yake imejificha nyuma ya rangi, chini ya sakafu na juu ya dari. Ndiyo maana nasema, bila kuogopa kupingwa, kwamba kukadiria ukarabati wa milioni mbili ni kazi ngumu kuliko kukadiria nyumba mpya ya milioni themanini. Makosa ya kazi kubwa hufidiana: hapa umezidisha, pale umepunguza. Kazi ndogo haina pa kujifichia.

Tuanze basi na chanzo. Ukuta uliobanduka rangi unaweza kuwa na sababu nne au tano tofauti, na kila sababu ina gharama yake. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga mweupe, chini ya rangi kuna chokaa ya zamani isiyokwanguliwa, na rangi yoyote utakayopaka juu yake itashika ule unga badala ya kushika ukuta. Kazi hapo ni kukwangua, kupiga msasa na kuweka praima, na kazi hiyo yaweza kula siku nyingi kuliko kupaka kwenyewe. Kisha gonga ukuta kwa vifundo vya vidole, ukienda hatua kwa hatua. Palipo na sauti tupu, lipu imeachana na tofali. Zungushia chaki eneo lote lenye sauti hiyo, ndipo upime. Mara nyingi doa lililoonekana la ukubwa wa sahani hugeuka kuwa mita mbili za mraba.

Ugonjwa mkubwa wa nyumba za Pwani ni unyevu na chumvi. Nyumba nyingi zilijengwa bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi, na nyingine zilitumia mchanga wenye chumvi ya bahari. Maji hupanda kutoka ardhini, huyeyusha chumvi iliyomo ukutani, na yanapokauka usoni mwa ukuta huiacha hapo. Chumvi ikiganda hutanuka na kusukuma rangi, na baada ya muda lipu yenyewe hugeuka unga. Alama yake ni mstari wa madoa unaoanzia sakafuni na kufika kiunoni au chini kidogo. Alama ya bati linalovuja huwa kinyume, kwani doa huanzia darini na kushuka. Bomba lililopasuka ndani ya ukuta nalo hutoa doa lisilojali msimu, hubaki bichi hata kiangazi. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya lolote kati ya hayo atapaka tena baada ya masika, na makadirio yake, hata yangekuwa sahihi hadi shilingi ya mwisho, yalikuwa ya kazi isiyofaa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Lamu iliyofuata mwaka 2001, vinatufundisha jambo hili kwa uwazi zaidi. Kuta za miji hiyo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Kuta hizo hupitisha unyevu na kuutoa nje. Ukizipiga lipu ya saruji, kwa kuwa saruji ni rahisi kupatikana na hukauka upesi, unyevu hukosa pa kutokea, hubaki ndani, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Lipu ya chokaa huhitaji fundi anayeijua na muda mrefu wa kukauka, kwa hiyo kwenye karatasi huonekana ghali. Mkadiriaji mwenye elimu ataiandika hivyo hivyo, na ataeleza kwa nini.

Baada ya chanzo, kipimo. Tuseme chumba kina mita 3 kwa 3.6, yaani kile ambacho mafundi, wakihesabu kwa futi, hukiita kumi kwa kumi na mbili, na ukuta una urefu wa mita 2.7 kwenda juu. Mzunguko wa kuta zote nne ni mita 13.2, zidisha kwa 2.7 upate mita za mraba 35.6. Toa mlango wa 0.9 kwa 2.1 na dirisha la 1.2 kwa 1.2, zinabaki takriban 32. Rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika kama mita za mraba 10 kwa lita moja kwa mkono mmoja. Kwenye ukuta wenye mikwaruzo au unaonyonya, hufunika kama 8 tu. Kwa mikono miwili, chumba hiki kitakula lita 6.5 hadi 8. Ndoo ya lita 20 itatosha vyumba viwili na nusu, au vitatu ukuta ukiwa mzuri sana.

Sasa tazama korido. Ina urefu wa vyumba vitatu, karibu mita 10.8, na kuta zake mbili ndefu zikitolewa milango sita zinabaki na mita za mraba 47. Hiyo ni rangi ya chumba kimoja na nusu. Korido haipangishwi, hailipiwi kodi, na kwa sababu hiyo husahaulika katika makadirio ya watu wengi, ilhali ndiyo inayoguswa na kila mpangaji, kila mgeni na kila mtoto. Mpangaji mtarajiwa huiona kabla hajakiona chumba. Naishikilia sana korido kwa sababu humfunza mwanafunzi kufuata nyuso zilizopo, si vyumba vinavyoingiza pesa.

Lipu nayo ina hesabu yake. Kwa unene wa milimita 15 na mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga nne, kila mita ya mraba hula kama kilo 5.6 za saruji, maana yake mfuko wa kilo 50 hupiga mita za mraba 8 hadi 9. Yale madoa uliyoyazungushia chaki yakifika mita 6 kwa jumla, mfuko mmoja unatosha na unabaki wa kuziba nyufa. Lakini lipu mpya inataka ikae kiasi cha wiki 4 kabla ya kupakwa rangi, na wakati wa masika hata zaidi. Muda huo nitaurudia, kwani una bei.

Vigae vina mitego mingi kuliko rangi. Chumba hicho hicho kina sakafu ya mita za mraba 10.8. Boksi la vigae vya sentimita 60 kwa 60 lenye vigae vinne hufunika mita 1.44, kwa hiyo hesabu ya haraka inakupa maboksi saba na nusu. Mwenye haraka hununua manane. Hajahesabu kile kipande cha sentimita 10 kinachopanda ukutani kuzunguka chumba, ambacho peke yake ni zaidi ya mita moja ya mraba, wala vipande vinavyokatwa pembeni na vinavyovunjika. Ukiviweka vyote na kuongeza asilimia 10 ya upotevu, unahitaji maboksi kumi. Hayo mawili yaliyopungua ndiyo yatakayokurudisha dukani wiki ijayo, ambako toleo jipya la kigae kile kile lina rangi iliyotofautiana kidogo na la kwanza. Tena, vigae vikibandikwa juu ya sakafu ya zamani huinua sakafu karibu sentimita 2. Mlango uliokuwa ukifunguka sasa unagoma. Seremala lazima aje aung'oe, aukate chini na aurudishe, na bafuni maji yaliyokuwa yakienda kwenye tundu yanaweza kuanza kutokea mlangoni. Kazi moja huzaa nyingine. Ukadiriaji mzuri huziona kabla hazijazaliwa.

Bei, hatimaye. Huku kwetu desturi katika kazi ndogo ni mwenye nyumba kununua vifaa na fundi kulipwa ufundi. Desturi hii ina faida ya uwazi, kwani kila mtu anajua mfuko wa saruji umenunuliwa wapi. Ina athari ambayo haisemwi sana: hasara ya upotevu ni ya mwenye nyumba peke yake. Fundi hana sababu ya kubana rangi wala kukata kigae kwa uangalifu, na kila kitu kilichosahaulika kinaagizwa kwa bodaboda siku ya kazi huku fundi na saidia fundi wakisubiri kivulini kwa malipo. Orodha kamili ya vifaa, iliyoandikwa kabla, ina thamani kuliko punguzo lolote utakalolipata kwenye ufundi. Na iwe kamili kweli: msasa, brashi, rola, utepe wa mabomba, skrubu, gundi, turubai la kufunika vitu, gharama ya kirikuu au guta la kuleta mzigo, na mahali pa kutupa kifusi. Vitu hivi hudharauliwa kimoja kimoja, na kwa pamoja huweza kufikia bei ya ndoo ya rangi.

Ufundi wenyewe hulipwa kwa siku, kwa kipimo, au kwa mapatano ya kazi nzima. Kazi ambayo haijulikani itaishia wapi, kama kufukua bomba linalovuja, ni haki ilipwe kwa siku. Kumlazimisha fundi ataje bei ya kitu kilichofukiwa ni kumlazimisha ajikinge kwa kuzidisha, au aumie. Vigae na lipu vinafaa kwa mita ya mraba. Rangi ya nyumba nzima inafaa kwa mapatano, mradi mmekubaliana kwa maandishi ni mikono mingapi na maandalizi gani. Ila usichukue bei ya mita ya mraba ya jengo kubwa ukaileta kwenye chumba kimoja. Fundi anayekuja kupaka mita 32 anatumia nauli ile ile, brashi zile zile na asubuhi ile ile ya kupanga vitu, kama angekuja kupaka mita 200. Gharama hizo zikigawanywa kwa eneo dogo, kila mita inakuwa ghali zaidi, na hapo fundi hajakuibia.

Bei ya vifaa hutegemea mahali na siku. Saruji inayotoka Wazo Hill haifiki Mafia kwa bei ya Tegeta, kwa sababu kati yake kuna lori, upakiaji na chombo cha baharini. Uliza maduka matatu, uliza kama bei imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Tanzania Bara kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na andika tarehe pembeni ya kila bei. Bei isiyo na tarehe haimsaidii mtu.

Umeme ni mahali ambapo sikubali makadirio ya macho. Soketi iliyoungua au swichi inayotoa cheche huenda ikawa ni kifaa kimoja kibovu, huenda ikawa ni waya wa nyumba nzima uliozeeka na kubebeshwa friji, pasi na majiko ambayo mjenzi hakuyatarajia. Mwenye kuamua ni fundi aliyepewa leseni na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na malipo ya ukaguzi wake yaingie kwenye makadirio kama kazi inayojitegemea. Vivyo hivyo ukikuta paa la asbestosi, nyufa zinazopita ukuta mzima kwa mshazari, au kenchi zilizoliwa na mchwa, umetoka nje ya ukarabati mdogo. Hizo ni kazi za mhandisi na vibali vya halmashauri, na mkadiriaji mwaminifu husimama hapo na kuandika kwa nini amesimama.

Kwa nyumba ya kupangisha kuna gharama nyingine ambayo haiuzwi dukani, nayo ni siku ambazo chumba kimekaa kitupu. Tuseme, kwa mfano tu, chumba kilikuwa kikilipiwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ukarabati umegharimu 480,000, na sasa kitalipiwa 60,000. Nyongeza ni 10,000 kwa mwezi, hivyo fedha zitarudi baada ya miezi 48, yaani miaka minne. Kama rangi na kitasa vile haviwezi kudumu miaka minne, nyongeza ya kodi peke yake haitalipa kazi hiyo, na mwenye nyumba anapaswa kujua anaifanya kwa sababu nyingine, pengine kumbakisha mpangaji mwema. Sasa ongeza miezi miwili ya chumba kukaa kitupu kwa kusubiri lipu ikauke na fundi wa dari arudi kutoka kazi nyingine. Umepoteza 120,000, sawa na nyongeza ya mwaka mzima. Ratiba ya kazi ni sehemu ya makadirio. Kupiga lipu mwezi wa pili badala ya wa nne, kabla masika hayajakolea, kunaweza kuokoa pesa nyingi kuliko kubadilisha duka.

Na wapangaji wanaobaki? Vyumba vitano vingine vina watu. Wanapika uani, wanapita koridoni, wana watoto wanaovuta vumbi la msasa. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kuzikwangua zikiwa zimelowa, mlango ukiwa umefungwa, na kusafisha kila jioni kunaongeza saa za kazi. Saa hizo ziandikwe na zilipwe. Sioni ukadiriaji unaostahili kuitwa wa kitaalamu ukiwaacha nje watu wanaolala ndani ya nyumba inayokadiriwa.

Mwishoni mwa karatasi huwekwa akiba ya yasiyotarajiwa. Asilimia 10 imezoeleka. Kwa nyumba kuukuu ambayo hujawahi kuifungua dari, mimi huanzia 15. Akiba hiyo ni ya kile kilichojificha, na haipaswi kutumika kufunika uvivu wa kupima kinachoonekana.

Kinachoupungukia uwanja huu zaidi ni kumbukumbu. Sensa ya mwaka 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5, na wengi wao wanaishi katika vyumba vya kupanga ambavyo hukarabatiwa mwaka baada ya mwaka. Kiasi cha rangi iliyokwenda, siku ambazo fundi alitumia, tofauti kati ya kilichokadiriwa na kilicholipwa, vyote huishia kwenye kumbukumbu ya kichwa au kwenye kijikaratasi kilichotupwa. Mwanafunzi akiomba takwimu za ukarabati mdogo, anachoweza kupata kwa urahisi ni bei za majengo mapya. Pengo hilo halitazibwa na wizara wala chuo peke yao. Litazibwa na wenye nyumba, mafundi na wanafunzi watakaoandika.

Basi nakuomba, msomaji, uanze na chumba kimoja. Kipime, andika kiasi, andika bei na tarehe, na kazi ikikwisha rudi uandike ilichogharimu kweli. Kisha mpe fundi wako nakala.